Mtoto Amebebwa na Nani?

Ukipita sokoni Kakuma One asubuhi utaona wamama wengi wanauza. Huyu ana beseni la mandazi, yule amepanga nyanya tatu tatu juu ya gunia, mwingine anapima sukari kwa kikombe. Wageni wakiletwa kutembelea kambi, picha hupigwa hapo hapo, na kweli zinatoka nzuri: mama mkimbizi, amejitegemea, anacheka. Mimi nikiona picha ya namna hiyo naangalia pembeni. Natafuta mtoto. Mama wa miaka 27 au 28 hapa kambini mara nyingi ana mtoto wa kunyonya, au aliyeacha kunyonya juzi. Sasa huyo mtoto yuko wapi saa hizi? Amebebwa na nani?

Wengi wetu tunajua jibu, ni vile tu hatulisemi. Amebebwa na dada yake. Dada yake ana miaka kumi, kumi na miwili, na saa hiyo wenzake wako darasani.

Sisemi hivi kumchoma mtu. Huyo dada nilikuwa mimi. Kwetu Uvira mama yangu aliuza samaki, ndagala na mikebuka, alikuwa anatoka nyumbani giza bado halijaisha ili akute mitumbwi inafika. Mimi nilibaki. Mgongo wangu uliwajua wadogo zangu watatu kabla haujajua begi la shule, na nilipoanza shule nilikuwa naenda siku ambazo ziwa lilichafuka na mama hakwenda kuuza. Nilifika la sita, nikaishia hapo. Samaki wa mama walitulisha wote na sitawasema vibaya, wala yeye. Lakini kama hesabu ya ile biashara ingeandikwa kwenye daftari, ingeonyesha kulikuwa na mfanyakazi mmoja ambaye hakulipwa miaka saba.

Hapa Kakuma nimefika mwaka 2017. Nina watoto watatu: msichana ambaye sasa yuko gredi ya saba, mvulana anayemfuata, na wa mwisho aliyezaliwa hapa hapa. Baba yao hayupo, habari yake ni ndefu na si ya leo. Nilipoanza kufikiria biashara, huyu wa mwisho alikuwa na miezi minane, anatambaa, anaweka kila kitu mdomoni. Nilijiwekea sharti moja tu: msichana habaki nyumbani. Biashara yoyote ile, faida yoyote ile, asubuhi yeye anavaa sare anaenda. Mengine yote yangepangwa kuanzia hapo.

Na ukiweka sharti kama hilo, biashara nyingi zinajiondoa zenyewe. Mandazi yana wateja kila siku, lakini ni karai la mafuta ya moto chini, kwenye mafiga, na mtoto anatambaa. Chapati ni vilevile. Kuuza barabarani ni jua kutoka saa tatu, vumbi, na bodaboda zinazopita kama hazina breki. Cherehani nilikuwa naitamani sana, bado naitamani, ila bei yake sikuwa nayo, na nguo ya mteja mtoto akiivuta ikaingia kwenye jiko utailipa na nini? Duka dogo la biskuti na sabuni nililifikiria siku mbili. Mvulana wangu alikuwa na miaka mitano wakati huo. Angemaliza duka.

Ikabaki mikono. Kusuka najua tangu utoto. Wasichana wa kwetu tunajifunza kwenye vichwa vya wadogo zetu. Kinachohitajika ni chanuo, uzi, kioo, kiti, na meshi kwa anayetaka rasta. Na kusuka kunasimama na kuendelea. Mandazi ukiyaacha dakika mbili yanaungua, lakini kichwa kilichosukwa nusu kinakusubiri unyonyeshe. Hatari ni mbili tu: chanuo lenye mkia mkali, na maji ya moto, maana ncha za rasta huchovywa kwenye maji ya moto ili zisifumuke. Hilo la maji nitalirudia.

Kabla sijaanza nilipata bahati ya kuingia kwenye mafunzo ya biashara ya shirika moja, wiki mbili. Nilijifunza vitu vya maana na ninavitumia mpaka leo: kuandika kilichoingia na kilichotoka, kutokula mtaji, kujua bei ya kitu kabla ya kutaja bei. Kwa hayo nashukuru. Lakini tulipoandikishwa tuliambiwa watoto wasije, wanasumbua. Tulikuwa wanawake watupu, wengi wenye umri wa kuzaa. Basi siku ya kwanza nikaangalia nje dirishani. Chini ya mathenge walikaa wasichana sita, kila mmoja na mtoto mgongoni au mapajani, wanawasubiri mama zao waliokuwa ndani wanafundishwa kujiinua. Siku ya shule, saa nne asubuhi. Wangu nilimwacha kwa jirani, nikimlipa kwa unga, na kila mapumziko nilikimbia kwenda kunyonyesha na kurudi.

Mwalimu wetu, mtu mpole kabisa, aliandika ubaoni: tenganisha biashara na nyumba. Niliiandika. Nikarudi kwangu, chumba kimoja cha matofali ya udongo na mabati, nikakaa kitandani nikaangalia. Kitanda huku, sufuria kule, madaftari ya shule kwenye ndoo ili panya wasiyale. Ningetenganisha na nini, na pazia? Mwishoni, kusema kweli, nilitenganisha na pazia, lakini kwa sababu nyingine.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika na mnasoma hapa, nina ombi dogo. Kwenye bajeti ya mafunzo huwa mnaweka maji ya chupa, chakula cha mchana, daftari na kalamu. Wekeni na mtu wa kukaa na watoto. Mtu mmoja mzima, kivuli, jamvi. Msipofanya hivyo mafunzo yenu yatakuwa yanalipwa na msichana ambaye hayumo kwenye orodha ya waliohudhuria.

Mtaji niliutoa kwenye likelemba, ambayo Wakenya huita chama. Tulikuwa wanawake kumi, shilingi 200 kila wiki, na kila wiki mmoja anabeba zote. Mimi zamu yangu ilikuwa ya saba. Nilibeba 2,000 nikanunua kioo, viti viwili vya plastiki, kimoja kirefu na kimoja kifupi, meshi za rangi nyeusi na kahawia, uzi, na jamvi kubwa. Watu walicheka lile jamvi. Mbona unanunua jamvi na hujanunua hata redio? Saluni bila redio!

Jamvi ndilo biashara yenyewe. Ubavuni mwa nyumba yangu kuna kivuli cha mathenge, mti ambao kila mtu Kakuma anaulaani kwa miiba yake na kila mtu anakaa chini yake. Kila asubuhi nafagia, naokota miiba kwa mkono, natandika. Vitu vya kuchezea ni vifuniko vya chupa vikubwa ambavyo haviingii kooni, vikombe, makopo, na mpira wa matambara. Upande mmoja nimefunga turubai kuukuu. Upande wa njia ndipo nilipoweka lile pazia, kitenge cha zamani cha mama yangu, kwa sababu wateja wa Kisomali hawawezi kufungua kichwa mahali wanaume wanapita. Wasomali walileta Wasomali wenzao. Halafu nikagundua kwamba wanaonyonyesha nao walipenda kukaa nyuma ya lile pazia, hata wale wasiosuka siku hiyo. Wanakaa, wananyonyesha, wanaongea, na kesho mmoja anarudi na kichwa.

Sikujua nitapata wateja wa namna gani. Nilifikiri wasichana, wale wanaojipamba kwa ajili ya Jumapili. Wamekuja, ndio, lakini saluni zenye redio zinawavuta zaidi. Waliobaki kwangu ni wamama wenye watoto wadogo. Saluni nyingine mtoto akilia wote wanageuka kukuangalia kama umeingia kanisani na mbuzi. Kwangu mama anakaa kwenye kile kiti kifupi, mtoto ziwani, mimi niko nyuma yake kichwani. Mtoto akilala anawekwa jamvini. Rasta ambazo mahali pengine ni saa nne, kwangu zinaweza kuwa saa sita, na kila mtu anajua hivyo kabla hajakaa. Kuna mama mmoja pacha wake walikuwa na miezi mitatu, tukasuka siku tatu, kila siku kipande. Alitembea kambini na kichwa nusu, amefunga kilemba, hana neno.

Lakini mikono yangu ikiwa kichwani kwa mtu, macho yako wapi? Jamvini wanaweza kuwa watoto watano, na wangu wa sita. Hapo ndipo alipoingia bibi. (Wakenya wakisikia nasema bibi wanacheka, kwao bibi ni mke. Huyu ni mama mzee, Mrundi, anakaa mstari wa pili kutoka kwetu, wajukuu wake wameshakua.) Alikuwa anakuja kukaa kivulini tu kwa ajili ya mazungumzo, na bila kuombwa alikuwa anawatoa watoto miiba miguuni. Nikamwambia: Bibi, nikupe kazi. Akacheka sana. Kazi gani hii, kukaa na watoto ni kazi? Tulipatana shilingi 50 kwa siku na chai.

Majirani hawakuelewa. Walisema yule mzee angekaa bure, anapenda watoto, unatupa pesa. Pengine kweli angekaa bure. Ila mimi najua kazi ya bure ya kubeba watoto inavyokuwa, inakwisha siku aliyebeba anapochoka, na siku hiyo macho yote yanamgeukia msichana wa nyumbani. Aliyelipwa anakuja kesho. Na akiumwa anatuma habari asubuhi, ili nami nisifungue.

Kwenye daftari, wiki nzuri ilikuwa hivi. Zinaingia 1,500. Meshi na uzi 350. Bibi 300, siku sita. Likelemba 200. Zinabaki 650, ambazo ni mboga, sabuni, mkaa kutoka kwa mama wa Kiturkana anayepita na punda, kalamu za shule, na kadhalika. Mwalimu wetu wa mafunzo angeona ile 300 ya bibi angesema gharama iko juu. Iko juu. Ni karibu theluthi moja ya kinachobaki baada ya kutoa likelemba na vifaa. Mimi naiita karo.

Saa za kazi zimepangwa na bomba na shule. Asubuhi kwanza maji, maana bomba likifungwa limefungwa. Nafungua saa tatu, nafunga saa nane na nusu, kabla hawajarudi. Jioni sisuki mtu, hata bwana harusi akija kwa magoti kunibembeleza kwa ajili ya bibi harusi wake. Na maji ya moto yana sheria yake: yanakaa kwenye chupa ya chai, chupa iko juu ya meza, nayamimina kwenye kopo la chuma mwisho kabisa, na kabla ya kumimina nasema kwa sauti "Maji!" Bibi anakusanya watoto wote nyuma ya miguu yake, anawahesabu. Sasa hata watoto wenyewe wakisikia neno hilo wanakimbilia kwa bibi. Wanafikiri ni mchezo.

Sheria ya pili ndiyo imeniletea maneno. Msichana wa shule haleti mtoto hapa saa za shule. Mteja anaweza kuja na watoto wake wadogo wote, bibi atawapokea, halipi zaidi. Lakini akija amefuatana na binti wa miaka kumi na moja aliyembeba mdogo wake, siku ya shule, namwambia mtoto tumpokee, huyu aende darasani, kisha tuanze. Wengi wanaelewa. Wengine wanashangaa kwamba inawezekana. Mmoja alikasirika kabisa. Aliniuliza, "Wewe ni mwalimu au ni msusi?" Akasema nimemwaibisha mbele za watu, akachukua watoto wake wote akaondoka, na mpaka leo tukikutana bombani ananipa mgongo. Nilimkosa yeye na dada zake wawili, vichwa vitatu. Na yule binti hakwenda shule siku hiyo, alikwenda kukaa nje ya saluni nyingine. Sijui kama nilimsaidia kitu.

Halafu ukaja mwaka 2025. Mgao ulikuwa umeshapunguzwa na kupunguzwa, na mwezi wa nane tukagawanywa kwa makundi, kwamba wenye shida zaidi wapate zaidi na wa kundi la nne wasipate chakula. Wote mliokuwa hapa mnajua siku zile zilivyokuwa, sina haja ya kueleza. Nitasema tu la kwangu. Mtu mwenye njaa hasuki rasta. Kwanza wateja waliacha rasta wakataka matuta, kisha matuta ya watoto tu, kisha wakaja kukaa kivulini bila kusuka. Wiki ikashuka mpaka 700, wiki nyingine 500. Na watu walianza kuogopa kuonekana wana biashara, wasije wakahesabiwa kuwa wanajiweza. Mama mmoja wa sambusa alikuwa anauza kutoka nyumbani kwa siri, kama anauza chang'aa.

Hapo majirani walinikalisha chini, na kwa nia njema. Mwachishe bibi. Msichana wako ameshakuwa mkubwa, akae nyumbani Jumatatu mpaka Jumatano, ni kwa muda tu. Ile "kwa muda tu" naifahamu. Mama yangu aliisema hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo, na hakuwa anadanganya. Aliamini.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba msichana mwenyewe alikuja kuniambia. Alikuwa anaosha sahani, hakuniangalia. "Mama, nikikaa mimi, zile za bibi si tutanunua unga?" Amefundishwa hesabu shuleni, na hesabu yake ilikuwa sawa. 300 ni unga. Nilimwambia hapana. Hakuuliza tena, na mimi usiku ule sikulala, kwa sababu unga ulikuwa umebaki wa siku moja.

Nilimwendea bibi, nikamfungulia daftari, nikamsomea. Hajui kusoma lakini hesabu ya pesa anaijua kuliko mimi. Tukapunguza siku, kutoka sita hadi nne, yaani 200 kwa wiki. Siku mbili nyingine nafunga saluni na nakwenda kufulia watu nguo na mdogo wangu mgongoni, si vizuri, lakini mgongo ni wangu. Tukakubali pia malipo ya vitu. Matuta ya mtoto kwa kikombe cha maharagwe. Rasta kwa kuni. Dada mmoja wa Kiturkana alisukwa akalipa kwa maziwa ya mbuzi, na bibi akasema huyo awe anakuja kila wiki. Likelemba tulishuka kutoka 200 hadi 50, watatu wakatoka, hatukuvunja.

Mwaka 2018 shirika la IFC la Benki ya Dunia lilitoa ripoti kuhusu Kakuma kama soko, likasema kuna biashara zaidi ya 2,000 hapa na mji mzima unazungusha dola milioni 56 kwa mwaka. Tulisomewa wakati wa yale mafunzo na wote tulipiga makofi. Nafikiri mara nyingine, zile biashara 2,000 zilihesabiwa vipi? Mlango na kibao, pengine. Mimi sina mlango. Na kama mtu angehesabu pia waliobeba watoto ili milango ile ifunguliwe asubuhi, hiyo namba ningependa kuisoma.

Mwaka huu nimeambiwa kuna kibanda kimewazi kwenye barabara kuu, karibu na wauza simu. Wateja wanapita mchana kutwa, umeme wa jua upo, hata redio ingewezekana. Kodi ni 2,500 kwa mwezi, na juu yake leseni ya kaunti. Nilikwenda kukiona. Nilisimama mlangoni nikapima kwa hatua: kiti, kioo, kiti cha pili, ukuta. Nje hatua mbili tu ni pikipiki. Jamvi halina pa kutandikwa. Mwenye kibanda aliniambia watoto nitawaacha nyumbani kama wengine wanavyofanya. Nilimwambia nitafikiri, na bado nafikiri, maana mwakani wa mwisho wangu anaanza chekechea na hesabu inaweza kubadilika. Lakini wateja wangu bado watakuwa na watoto wao, na bibi hawezi kutembea mpaka barabarani.

Msichana wangu Jumamosi anasuka. Yeye ndiye aliomba, anataka kujua rasta ndogo ndogo zile za wasichana wa umri wake. Nimempa saa mbili, si zaidi, halafu madaftari. Juma lililopita alimaliza kichwa cha kwanza peke yake, matuta ya mtoto wa jirani, mistari imepinda kidogo upande wa sikio. Mteja akanipa mimi shilingi 50. Msichana akanyoosha mkono, akasema, "Mama, hiyo ni yangu." Nikampa.